Kazi Iliyopangwa Vibaya Huzaa Makosa



Tangu chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa mkuu wake, watu wa kalamu wamezoea kuhimizana juu ya mwenendo mwema. Maonyo hayo ni mema, wala hatuyapingi. Lakini leo twauliza neno jingine: je, kosa la mtumishi hutoka moyoni mwake tu, au hutoka pia katika namna kazi yake ilivyopangwa?

Tumtazame mkusanya ushuru wa mnada wa ng'ombe. Yeye apokea fedha, yeye aandika stakabadhi, yeye alala nazo nyumbani, kwa kuwa benki iko mbali. Hesabu yake hukaguliwa baada ya miezi. Zikipungua twamwita mwizi, na pengine ndiye. Lakini aliyeipanga kazi hiyo amemweka mwenye njaa alinde chungu peke yake, gizani.

Tangu mwaka 2017 malipo mengi ya serikali hufanywa kwa namba maalumu, mlipaji akizipeleka fedha benki au kwa simu, naye karani hazishiki. Hapo hayakuongezwa mahubiri. Iliyobadilishwa ni kazi. Palipobaki mkono mmoja wa kupokea na kupeleka, taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimetaja mara nyingi fedha zisizofika benki.

Hata vyuo vikuu vimo katika jambo hili. Mwalimu akitunga mtihani, akausahihisha na kuandika alama peke yake, mwanafunzi hana pa kukimbilia. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007, fungu la 25, yamwadhibu atakaye ngono kwa nguvu ya cheo chake. Lakini sheria huja baada ya dhara, na msahihishaji wa pili huja kabla.

Wala tusidhani dawa ni ulinzi mtupu. Wataalamu wa Marekani, Hackman na Oldham, walieleza mwaka 1976 kwamba mtu huipenda kazi yenye ustadi wa namna nyingi, aionayo tangu mwanzo hata mwisho, yenye faida kwa wengine, yenye uhuru, na ambayo hujua ameifanyaje. Karani wa kunakili tu, asiyeambiwa neno ila siku ya kukaripiwa, huanza kuchelewa, kisha hutoroka.

Basi, ndugu, yatupasa kuwaomba wakubwa wetu mambo matatu: fedha zisipitie mkono mmoja, kila mtumishi aandikiwe kazi yake waziwazi, tena aambiwe mapema anapokosea na anapofanya vema. Nasi kwa upande wetu tusilifanye neno hili kuwa ngao ya waovu, kwani wapo waliojaribiwa vivyo hivyo wasiibe. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Adhabu ya mwisho wa mwaka haizuii kosa la leo.