Chandarua Kinatafuta Nini Horini?

Septemba ni demani. Kusi imelegea, maji ya hori za Mida, Mtwapa na Gazi katika pwani ya Kenya yamepata joto, na kila mwenye mshipi anajua kwamba kolekole atapanda na maji yanayojaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Majira ni mazuri. Lakini bamvua likikupwa, kinaonekana kitu kilekile: watu wamekamata ncha za chandarua cha mbu, wanakikokota juu ya nyasi za bahari, na ndooni mmejaa vitoto vya changu, tafi na chewa visivyofika urefu wa kidole.

"Hawa ni dagaa tu," husema wakokotaji, na mnunuzi aliye mbioni kuwahi chakula cha mchana hukubali. Si kweli hata kidogo! Dagaa ni samaki mzima katika udogo wake. Huyu wa ndooni ni mtoto wa changu, ambaye angejificha mikokoni akue, kisha ahamie mwambani.

Chewa ndiye anayeumia zaidi. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Anayewazoa wangali vidole hupoteza mayai na madume kwa mkupuo mmoja, halafu kaskazi ikifika analalamika kuwa mwamba hauna kitu.

Tena vyandarua hivyo vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, sumu kali kwa samaki na kamba. Na nyumbani mtoto analala wazi, anaumwa na mbu wa malaria.

Sheria ipo: Kenya ilipiga marufuku juya, yaani wavu wa kukokota, mwaka 2001. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, hawakungoja doria. Mwaka 2005 walifunga kipande cha bahari yao cha hekta 30 hivi, samaki wakaongezeka, na sasa wanavuliwa nje ya mpaka.

Mvuvi wa mshipi achukue ndoana kubwa, ambayo kinda hawezi kuimeza, na uzi uliokatika asiuache mikokoni.

Anayeingia majini aburure nyayo, maana samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, na wakokotaji huchomwa mara kwa mara. Aliyechomwa aloweke mguu katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, kisha aende zahanati. Nacho chandarua kirudishwe kitandani kwa mtoto.