Kutu katika Vyuma Vikubwa vya Nyumbani



Tanki la lita 1,000 likijaa, maji yaliyomo peke yake yana uzito wa kilo 1,000. Katika nyumba nyingi mzigo huo hubebwa na miguu minne ya chuma, na kutu hupenda kuanzia pale mguu unapozama katika zege au udongo, mahali ambapo maji hutuama na jicho halifiki. Basi suala la kutu si la urembo wa geti tu.

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni penye maji, chumvi huiharakisha. Huvimba, hubanduka kama magamba, na chini yake chuma kingine huanza kuliwa. Kilicholiwa hakirudi. Kwa hiyo kabla ya kusugua lolote, tanki likiwa tupu, mguu ugongwe kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, hubonyea, pengine hutoboka. Mguu wa namna hiyo hausuguliwi. Tanki libaki tupu na fundi wa kuchomelea aitwe. Kuupaka rangi ni kuificha hatari juu ya vichwa vya watoto wanaocheza kivulini.

Chuma kilichosalimika kibanduliwe magamba kwa brashi ya waya, kisha msasa. Rangi ya zamani huenda ina risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto; ilowanishwe kwanza ili vumbi lisiruke, na mabaki yote yakusanywe. Miwani na glavu si anasa.

Plau, bawaba na vipande vya geti vinavyofunguka hufaa kulowekwa katika siki nyeupe. Tatizo ni chombo: geti haliingii ndooni. Lichimbwe shimo la kina kifupi lenye umbo la chuma chenyewe, litandikwe nailoni nzito isiyo na tundu, siki imiminwe humo. Penye uhaba wa siki, matambara yaliyoloweshwa yazungushiwe chuma na kufunikwa plastiki yasikauke. Usiku mmoja mara nyingi hutosha. Chuma kikaguliwe asubuhi, maana siki ikiisha kula kutu huendelea na chuma. Vyuma vilivyopakwa zinki, mabati yakiwamo, visilowekwe kabisa, kwa kuwa zinki ndiyo kinga yao na siki huila.

Wapo wanaotumia maji ya betri. Waache. Asidi hiyo huunguza ngozi na inaweza kupofusha.

Baada ya siki, chuma kisuguliwe kwa maji yenye magadi, kisuuzwe, kikaushwe papo hapo juani na kwa kitambaa. Hapa ndipo wengi hupoteza kazi yao: chuma kitupu kikilala na unyevu huamka na kutu mpya. Rangi ya kwanza ya kuzuia kutu ipakwe siku hiyo hiyo, kisha rangi ya mafuta mara mbili. Uso wa plau unaoteleza udongoni haupakwi rangi; hupakwa grisi.

Siki iliyotumika itiwe magadi kidogo kidogo mpaka povu likome, ndipo imwagwe mbali na kisima.

Mguu wa tanki ukishapakwa, zege linalouzunguka liinuliwe kidogo na kupewa mteremko, ili maji ya mvua yatiririke kutoka kwenye chuma.