Nani Amwondoe, na Amwondolee Wapi? Waziri Kiongozi katika Majimbo ya India



Tarehe 31 Julai 1959 serikali ya jimbo la Kerala, kusini mwa India, iliondolewa madarakani kwa tangazo la Rais lililotolewa Delhi. Serikali hiyo ilikuwa imechaguliwa na wananchi miaka miwili na ushei tu kabla ya hapo. Kiongozi wake, E.M.S. Namboodiripad, alikuwa bado anaungwa mkono na wabunge walio wengi. Hakushindwa bungeni wala hakujiuzulu.

Sisi tunaosoma katiba tumezoea kuuliza mwenye cheo anapatikanaje: anateuliwa na nani, anaapa mbele ya nani, anakaa miaka mingapi. Leo nataka tuulize swali ambalo kwa maoni yangu linafichua zaidi: ni nani anayeweza kumwondoa, na amwondolee wapi? Kwa Waziri Kiongozi wa jimbo la India, jibu la swali hilo lilichukua zaidi ya miaka 40 kupatikana.

Cheo chenyewe si kigeni masikioni mwetu. Zanzibar ilikuwa na Waziri Kiongozi hadi mwaka 2010, na Mwalimu Nyerere alishika wadhifa wa namna hiyo Tanganyika kuanzia Septemba 1960 hadi Mei 1961. Lakini kwa Tanganyika ile ilikuwa ngazi ya kupandia kwenda uhuru. Huko India ni ofisi ya kudumu, na baadhi ya majimbo yake yangeweza kuwa mataifa makubwa. Uttar Pradesh peke yake ina watu zaidi ya milioni 200.

Mizizi ya cheo hiki imo katika Sheria ya Serikali ya India ya mwaka 1935. Uchaguzi wa majimbo ulifanyika chini ya sheria hiyo, na mwaka 1937 Wahindi wakaanza kuongoza serikali za majimbo, C. Rajagopalachari akiwa mmojawapo huko Madras. Gavana Mwingereza alibaki na mamlaka ya kuamua mambo fulani kwa hiari yake. Mwaka 1939 Uingereza ilipoiingiza India vitani bila kuwauliza viongozi wake, serikali zote za chama cha Congress zilijiuzulu. Nawaomba mkumbuke jambo hilo: mawaziri hao wa Congress waliondoka kwa uamuzi wao wenyewe.

Katiba ilipoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, mifupa ya mpango ule ilibaki. Ibara ya 163 inasema kutakuwa na baraza la mawaziri, Waziri Kiongozi akiwa mkuu wake, la kumsaidia na kumshauri Gavana. Inayofuata, ya 164, ndiyo inayostahili kusomwa polepole. Inasema kwamba mawaziri watashika nafasi zao kwa ridhaa ya Gavana. Kisha ibara hiyohiyo inasema kwamba baraza zima litawajibika kwa bunge la jimbo. Gavana huyo hachaguliwi na mtu yeyote jimboni. Anateuliwa na Rais, na Rais hufuata ushauri wa serikali ya Delhi. Kwa hiyo ibara moja imempa Waziri Kiongozi mabwana wawili, mmoja akiwa ameketi mbele yake bungeni, mwingine akiwa mbali, katika mji mkuu wa nchi.

Juu ya hayo kuna Ibara ya 356, inayomruhusu Rais kuchukua uendeshaji wa jimbo akiridhika kwamba serikali yake haiwezi kuendeshwa kwa mujibu wa katiba. B.R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuiandika katiba, alilieleza Bunge la Katiba matumaini yake kwamba mamlaka hayo yasingetumika. Matumaini hayo hayakutimia. Tangu 1950 utawala wa Rais umewekwa majimboni zaidi ya mara 100.

Kwa nini Delhi ihangaike na mtu wa jimboni? Kwa sababu mambo yanayomgusa mwananchi kila siku yako mikononi mwake: ardhi, polisi, afya, kilimo, na hadi mwaka 1976 hata elimu ilikuwa ya majimbo. Nani anamiliki shamba na nani analilima kwa kodi, hayo huamuliwa katika miji mikuu ya majimbo, kama Thiruvananthapuram au Chennai. K. Kamaraj, aliyeongoza Madras kuanzia 1954 hadi 1963, aliwaletea watoto wa maskini chakula cha mchana shuleni kwa mamlaka ya cheo hiki.

Turudi Kerala. Jimbo lilizaliwa tarehe 1 Novemba 1956, kwa kuunganisha nchi za wasemao Kimalayalam zilizokuwa zimegawanyika kati ya falme mbili za zamani, Travancore na Cochin, na eneo la Malabar lililokuwa chini ya Madras. Katika uchaguzi wake wa kwanza, mwaka 1957, Chama cha Kikomunisti kilipata viti 60 kati ya 126, na wabunge wachache wa kujitegemea wakakiunga mkono. Tarehe 5 Aprili Namboodiripad aliapishwa. Yeye mwenyewe alitoka katika ukoo wa Wabramini wenye ardhi, na jambo la kwanza ambalo serikali yake ililigusa lilikuwa ardhi. Ndani ya siku chache ilitoka amri ya kuzuia wakulima wapangaji wasifukuzwe mashambani. Waziri wa mapato, K.R. Gowri, mwanamke pekee katika baraza lile, akaandaa muswada wa kuwapa wapangaji haki ya kudumu juu ya ardhi na kuweka kikomo cha umiliki. Waziri wa elimu, Joseph Mundassery, akaja na muswada wa shule binafsi zilizokuwa zikipokea ruzuku: walimu walipwe na serikali moja kwa moja, na wenye shule wasiwaajiri wapendavyo.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Shule nyingi zilikuwa za Kanisa Katoliki na za jumuiya ya Wanair, na ardhi nayo ilikuwa na wenyewe. Rais aliupeleka muswada wa elimu katika Mahakama ya Juu mwaka 1958 kutaka maoni yake, na baadhi ya vifungu vikaonekana na kasoro. Kufikia katikati ya 1959 barabara zilijaa waandamanaji, kiongozi wa Wanair, Mannathu Padmanabhan, akiwa mbele yao, chama cha Congress kikiwaunga mkono. Polisi walifyatua risasi, na watu walikufa. Sitaki kuisafisha serikali ile. Damu iliyomwagika ilikuwa mikononi mwake, na malalamiko kwamba watu wa chama waliingilia kazi za utawala hayakuwa ya kubuni yote. Lakini serikali yenye makosa na serikali iliyopoteza imani ya bunge ni mambo mawili tofauti, na Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru, ambaye kwa muda alisita, mwishowe alikubali yachukuliwe kuwa jambo moja.

Uchaguzi wa 1960 ulitoa somo ambalo sijui kwa nini halitajwi mara nyingi. Kura za wakomunisti ziliongezeka, kutoka kama asilimia 35 hadi 39. Viti vyao vikaporomoka kutoka 60 hadi 29, kwa kuwa safari hii wapinzani wao walikuwa wameungana. Mpangaji wa shamba alisubiri zaidi ya miaka 10. Mfumo wa upangaji ulifutwa rasmi tarehe 1 Januari 1970, chini ya Waziri Kiongozi C. Achutha Menon, yuleyule aliyekuwa waziri wa fedha wa Namboodiripad mwaka 1957.

Mlango uliofunguliwa Kerala haukufungwa. Mwaka 1977 serikali mpya ya Delhi ilizivunja serikali tisa za majimbo zilizokuwa za Congress. Mwaka 1980 Indira Gandhi aliporudi madarakani alijibu kwa kuvunja tisa.

Aliyekuja kuubana mlango huo ni mtu ambaye wakati wake madarakani haukufika hata mwaka mmoja. S.R. Bommai aliiongoza Karnataka tangu Agosti 1988. Aprili 1989 Gavana alipokea barua za wabunge 19 waliodai kujitoa. Saba kati yao wakageuka upesi na kusema bado wako naye. Bommai aliomba jambo dogo sana: bunge liitwe, wapige kura, ahesabiwe. Gavana akakataa, na tarehe 21 Aprili serikali ikaondolewa. Bommai alikwenda mahakama ya jimbo akashindwa, akaenda Mahakama ya Juu.

Hukumu ilitolewa tarehe 11 Machi 1994 na majaji tisa. Kwangu mimi ni miongoni mwa hukumu kubwa za shirikisho popote duniani. Ilisema kwamba kama serikali ina wingi wa wabunge au haina, jambo hilo hupimwa ndani ya ukumbi wa bunge, wala si sebuleni kwa Gavana. Ilisema mahakama zinaweza kulichunguza tangazo la Rais, na kwamba bunge la jimbo lisivunjwe kabla mabunge yote mawili ya Delhi hayajaliidhinisha. Bommai hakurudishiwa kiti chake. Uchaguzi ulikuwa umeshapita. Waliofaidi ni wengine. Mei 2016 Harish Rawat wa Uttarakhand, aliyekuwa ameondolewa kwa Ibara ya 356, alipimwa bungeni kwa amri ya mahakama, akashinda, akarudi ofisini. Mei 2018, Karnataka kwenyewe, Gavana alimpa B.S. Yeddyurappa siku 15 za kuthibitisha wingi wake ilhali chama chake kilikuwa na viti 104 tu katika bunge la viti 224. Mahakama ikaamuru kura ipigwe tarehe 19 Mei, naye akajiuzulu kabla haijapigwa.

Basi swali la mahali limejibiwa. Sasa vita vimehamia kwa wapiga kura wenyewe, yaani wabunge. Sheria ya 1985 inamnyang'anya kiti mbunge anayekihama chama chake, lakini haimzuii kujiuzulu kwanza. Julai 2019 wabunge zaidi ya kumi wa muungano uliotawala Karnataka waliandika barua za kujiuzulu na kwenda kukaa hotelini Mumbai. Waziri Kiongozi wa muungano huo, H.D. Kumaraswamy, alipimwa ukumbini kama hukumu ya 1994 inavyotaka, akashindwa kwa kura 99 dhidi ya 105, na Yeddyurappa akaapishwa. Kanuni ilifuatwa kikamilifu. Desemba mwaka uleule viti 15 vilivyoachwa wazi vilirudishwa kwa wananchi, na wengi wa wale waliohama waligombea tena, safari hii kwa tiketi ya chama cha Yeddyurappa. Chama hicho kilishinda viti 12.