Mali Bila Daftari



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tukiisikia methali hii tunamfikiria mwenye duka aliyekopesha unga na sukari mtaa mzima bila kuandika. Juma hili naomba tuitazame mali ya namna nyingine, nayo ni kumbukumbu za watu wa nchi hii, na tuulize daftari lake liko wapi.

Katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko sehemu iitwayo East Africana. Kwa kawaida ya sehemu za namna hii, huazimi kitabu ukaenda nacho nyumbani. Mkoba unauacha mlangoni, kalamu ya wino unaitia mfukoni na kutumia penseli, unaletewa ulichoomba, unasoma papo hapo, unarudisha. Wapo wanaosema huo ni uchoyo. Lakini kitabu cha dukani kikipotea utanunua kingine. Barua iliyoandikwa kwa mkono, ambayo duniani ipo moja tu, ikipotea utainunua wapi?

Humo yamo majalada ya Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, ambaye aliandika sheria za jadi za Wasukuma, Wahaya na wengineo. Imo pia miswada ya Kiswahili, mingi kwa hati za Kiarabu, iliyokusanywa katika miaka ya 1960 kwa juhudi za J.W.T. Allen, na orodha yake ikachapishwa Leiden mwaka 1970. Miswada ya aina hiyo ilikuwa imelala majumbani, ndani ya makasha, ikingoja mchwa.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kazi ya mwaka 1968. Mwaka huo wanafunzi wa chuo walikwenda vijijini, katika sehemu zilizopigana Vita vya Majimaji, wakawauliza wazee yaliyotokea kati ya 1905 na 1907. Mpaka hapo vita hivyo vilikuwa vikisomwa zaidi kwa maneno ya Wajerumani. Piga hesabu: kijana wa miaka 20 mwaka 1905 alikuwa na miaka 83 wanafunzi walipobisha hodi. Wangechelewa miaka kumi tu, wangekuta makaburi.

Hesabu hiyo nilikuwa nayo kichwani nilipofika Ubaruku, wilayani Mbarali, katika bonde la Usangu. Ninyi wa mjini mnaijua Mbarali kwa mchele wake. Kando ya Ubaruku liko shamba kubwa la mpunga la hekta 3,200, lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, likawa chini ya NAFCO, baadaye likaingia mikononi mwa watu binafsi. Maji ya bonde hilo huingia Ruaha Mkuu, na mto huo hushuka kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa kuondoka bondeni na mifugo yao. Mwaka 2008 eneo oevu la Ihefu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mzozo wa mipaka ukafika hadi Bungeni.

Basi hapo pana mkulima, mfugaji, mwekezaji, hifadhi na umeme, wote wanatazama maji yale yale. Kila wanapokutana, swali ni moja: nani alikuwa hapa, tangu lini, na mpaka ulipita wapi? Serikali ina jalada lake. Mwekezaji ana mkataba wake. Mwananchi ana mdomo wake tu, na mdomo hauna muhuri.

Mzee mmoja wa pale alinifungulia sanduku la bati. Ndani mlikuwa na mihtasari ya mikutano ya kijiji, stakabadhi za mpunga, na daftari la zamu za maji, lenye majina na siku ya kila mtu kufungulia mfereji. Nikamwuliza, "Mzee, karatasi hizi unamtunzia nani?" Akanijibu, "Mwanangu, siku watakapouliza mfereji huu nani aliuchimba, mimi nitakuwa sipo."

Kijana aliyekuwa na miaka 20 shamba lile lilipokuwa likijengwa, leo amefika sabini au amepita. Tumerudi pale pale pa mwaka 1968, na safari hii ni zamu yetu kubisha hodi.

Msidhani kwamba karatasi ikifika chuoni basi imepona. Septemba 2020 jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere liliungua. Aprili 2021 moto wa mlimani ukashuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, ukaunguza Maktaba ya Jagger pamoja na sehemu ya makusanyo yake ya Afrika. Kilichokuwa na nakala mahali pengine hakikufutika kabisa. Na huku kwetu si lazima moto. Zinatosha mvua, panya, na mama muuza karanga anayehitaji karatasi ya kufungia.

Tunayo sheria ya mwaka 2002 ya kusimamia kumbukumbu na nyaraka, lakini sheria haifungui sanduku la bati. China ile ile iliyosaidia kujenga shamba la Mbarali ilisaidia pia kujenga maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018. Jengo tunalo. Swali ni nini kitaingia humo, na nani atafaidika nacho.

Naona yafanyike mambo matatu. Kwanza, wanafunzi wanaotoka Usangu watumwe likizo kwenda kuwarekodi wazee wao, kama wenzao wa 1968. Pili, karatasi za vijiji zipigwe picha, nakala iende chuoni, na zenyewe zibaki kwa wenyewe. Tatu, na hili ndilo zito, chuo kirudishe. Kutoka Ubaruku hadi Dar es Salaam ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Mkulima hawezi kuifunga safari hiyo ili asome aliyoyasema babu yake. Nakala ziwekwe Mbeya, ambako vyuo vikuu vipo, na nyingine Rujewa, makao makuu ya wilaya, mahali anapoweza kufika kwa baiskeli.

Mtu aliyechukuliwa maneno yake akanyimwa nakala hana tofauti na aliyekopwa mpunga bila stakabadhi.

Kwaherini, hadi juma lijalo panapo majaliwa.