Nyumba Yako na Damu ya Jirani

Hotuba kwa viongozi wa walei, Loliondo



Ndugu zangu wapendwa, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya azungushe ukingo darini, asije mtu akaanguka na nyumba hiyo ikawa na hatia ya damu yake. Basi kanuni za ujenzi si jambo la wahandisi peke yao. Ni sehemu ya haki.

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani. Dar es Salaam walikufa watu 11; Nairobi 213, walio wengi mno wakiwa Wakenya. Jengo la ubalozi wa Nairobi liliharibika vibaya, lakini lilibaki limesimama. Jirani yake, jumba la Ufundi, liliporomoka juu ya watu waliokuwamo. Katika majengo ya karibu, wengi waliposikia kishindo cha kwanza walikimbilia madirishani kutazama. Ndipo mlipuko mkubwa ukavunja vioo, na baadhi yao wakapofuka.

Je, wajuzi hawakujua? Walijua. Mwaka 1985, baada ya mashambulizi ya Beirut, tume ya Inman ilipendekeza balozi za Marekani zikae mita 30 hivi kutoka barabarani, kwa kuwa nguvu ya mlipuko hupungua upesi kadiri umbali unavyozidi. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa kandokando ya barabara zenye msongamano. Baada ya msiba, balozi mpya zilijengwa Gigiri na Msasani, zenye viwanja vipana na kuta imara. Ni vyema. Lakini karani wa jengo la jirani na mama muuza chai wa njiani, nani amewawekea ukingo? Akaaye karibu na hatari astahili ulinzi uleule.

Nasi wa Jimbo Kuu la Arusha tusiseme mambo haya ni ya mbali. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa katika Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, siku ya kuzinduliwa kwake. Waamini 3 walikufa.

Kwa hiyo yatupasa haya: petroli isiwekwe katika nyumba wanamolala watoto, mtungi wa gesi ukae penye hewa, milango ya kanisa na ya madarasa ifunguke kuelekea nje, nguzo zifungwe kwa nondo za kutosha. Kamati ya ujenzi inayopunja nondo ili inunue mapambo imeuza uhai wa watu.