Kampuni haifi kwa kufunga lango

Juma hili nataka tuzungumze juu ya marehemu asiye na kaburi. Marehemu huyo si binadamu. Ni kampuni.

Jirani yangu ni mama ntilie hapa Dar es Salaam. Kwa miezi kadhaa aliwapikia wafanyakazi wa kampuni moja, kwa makubaliano kwamba uongozi utamlipa kila mwisho wa mwezi. Mwanzoni walilipa. Baadaye ikawa njoo kesho, njoo keshokutwa. Siku moja akakuta lango limefungwa kwa mnyororo na kibao kimeng'olewa. Akafungua madai mahakamani. Mpeleka samansi akaenda mara mbili, na mara zote mbili akarudi na karatasi zake, kwa kuwa hakukuwa na wa kuzipokea.

Nilifuatana na mama huyo kwenda kujionea. Mlinzi akatuambia kampuni imekufa. Mama akamwuliza, "Kama imekufa, mwanangu, nani anakulipa wewe ulinde?" Mlinzi akanyamaza.

Swali la mama lilikuwa la kisheria, ingawa mwenyewe hakujua. Mbele ya sheria, kampuni ni mtu. Huzaliwa kwa kusajiliwa, na haifi kwa sababu wakubwa wamezima simu na kuondoka na funguo. Hufa inapofutwa katika daftari la Msajili wa Makampuni, au inapovunjwa baada ya kufilisiwa. Kabla ya hapo iko hai, hata kama imelala fofofo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usianze na lango. Anza na daftari. Nenda kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, uliza habari za kampuni hiyo. Utakuta moja kati ya mambo matatu.

La kwanza, kampuni bado imo daftarini. Basi samansi inaweza kupelekwa kwenye ofisi yake iliyosajiliwa, au akakabidhiwa mkurugenzi au katibu wake. Wakijificha, mahakama inaweza kuombwa iamuru njia nyingine, kama vile tangazo la gazetini.

La pili, kampuni iko katika ufilisi. Hapo mtu wa kumtafuta ni mfilisi. Mpelekee madai yako na vielelezo vyake. Na kama ufilisi umeamriwa na mahakama, kesi haiendelei bila kibali cha mahakama.

La tatu, kampuni imekwisha kufutwa. Hapo hata ukibandika samansi kila ukuta ni kazi bure, maana unamshitaki asiyekuwepo. Lakini Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamruhusu anayedai kuiomba mahakama iirudishe kampuni daftarini. Tena, kufutwa huko hakuwafutii wakurugenzi na wanahisa dhamana waliyokuwa nayo.

Ila usikawie. Madai ya mkataba kama haya yana miaka 6. Ikipita, haki yako inabaki kuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Jirani yangu aliikuta kampuni imo daftarini, na majina ya wakurugenzi yamo. Samansi ikamfikia mmoja wao, akatia sahihi. Fedha bado hazijalipwa, lakini sasa kesi ina mtu wa kuijibu.

Nanyi wakubwa wa makampuni, neno moja. Biashara hupanda na kushuka, na kufunga si aibu. Aibu ni kutoroka usiku na kumwachia mama ntilie sufuria tupu na daftari la madeni. Kampuni ikishindwa, waiteni wanaowadai, ifungwe kwa utaratibu wa sheria, na kilichopo kigawanywe hadharani.

Wahenga walisema, dawa ya deni kulipa. Hawakusema kufunga lango.

Hadi juma lijalo, kwaheri.