Mshahara na Kodi ya Chumba
(Maneno yaliyosemwa na kamati mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Nairobi)



Leo tumekuja kusema juu ya kodi ya chumba, maana mwisho wa mwezi mwenye nyumba hubisha hodi kabla mshahara haujapata joto mfukoni.

Kwanza tukumbuke jambo la zamani. Mwaka 1954 ilitolewa taarifa ya kamati ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter. Kamati ile ilikiri jambo ambalo wafanyakazi walilijua siku nyingi: mshahara wa chini mjini ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke wala mtoto. Mtu alihesabiwa kitanda, na jamaa yake wakabaki mashambani. Kamati ikashauri mshahara upimwe kwa mtu mwenye jamaa.

Sasa tupige hesabu yetu wenyewe. Kwa amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024, kibarua wa kawaida wa Nairobi aliwekewa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Juu yake huongezwa posho ya nyumba, asilimia 15, yaani shilingi 2,417. Jumla ni shilingi 18,531. Toa makato ya lazima: akiba ya uzeeni asilimia 6, bima ya afya asilimia 2.75, na ada ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5. Makato hayo ni shilingi 1,899. Tuseme chumba ni shilingi 6,000. Zimebaki shilingi 10,631.

Wataalamu watasema kodi hiyo ni kama theluthi moja tu ya mshahara, haina taabu. Lakini hakuna mtu anayekula theluthi mbili. Gawanya kilichobaki kwa siku 30, ni shilingi 354 kwa siku. Kama nyumbani mko wanne, kila mmoja ana shilingi 88 za unga, sukuma, maji, makaa, nauli, sabuni na shule. Na mgonjwa bado hajatokea.

Tena tazameni nyongeza. Ile ya 2024, asilimia 6, ilikuwa shilingi 912. Mwenye nyumba akipandisha chumba kwa shilingi 1,000, nyongeza yote imekwenda kwake, na sisi tumeongeza 88 zetu.

Dada mmoja wa tawi letu amewapeleka watoto wake wawili kwa nyanya yao, naye anashiriki chumba na mwenzake. Hakufukuzwa na mtu. Alipiga hesabu kama hii tuliyopiga sasa. Basi ndugu, tumerudi palepale pa 1954: mfanyakazi anahesabiwa kitanda.

Tufanye nini? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au fedha za kutosha kupanga nyumba ya kufaa, mbali na mshahara. Sikilizeni neno hilo: za kutosha. Shilingi 2,417 hazitoshi chumba cha 6,000. Pengo ni shilingi 3,583, nalo tunaliziba kwa chakula cha watoto.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango wa nyuma. Mapatano yakisema kwamba posho ya nyumba imekwisha kuingizwa ndani ya mshahara, kifungu hicho hakimlindi tena mfanyakazi. Ndiyo sababu waajiri wengine hupenda neno "mshahara wa jumla". Kiasi huonekana kikubwa kwenye karatasi, lakini posho imekwisha mezwa, wala hakuna mahali pa kuidai.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, kila mwanachama alete karatasi yake ya mshahara na risiti ya kodi kwa mwakilishi wake wa kazini kabla ya mazungumzo ya mapatano mapya. Asiye na risiti aandike kiasi anacholipa. Tukienda mezani na risiti mia, hatutaambiwa tunasema maneno ya barabarani. La pili, mtu yeyote asitie sahihi karatasi inayoficha posho ya nyumba kabla haijasomwa mbele ya kamati.

Watoto wa yule dada wana haki ya kulala alipo mama yao. Hilo ndilo tutakalodai.

Umoja ni nguvu.